Rivyu ya jenereta ya akiba ya propeni: injini safi, ila kuijua inapogoma kuwaka ni kazi yako

Nimekaa na jenereta hii muda wa kutosha kuisema kwa mazuri na kwa mabaya, kwa hiyo naandika rivyu ambayo ningependa kuisoma kabla sijanunua. Jina la kampuni silitaji manake karibu kila ninachosema kinagusa jenereta zote za aina hii, zile zinazokaa nje ya nyumba ndani ya kabati la chuma, injini ya silinda mbili inayopozwa kwa hewa, inakula gesi ya propeni kutoka kwenye tangi, afu ina swichi yake inayobadili umeme yenyewe bila mtu kutoka nje. Umeme ukikatika inasubiri sekunde chache ihakikishe sio ule wa kukatika na kurudi hapohapo, inajiwasha, inabeba nyumba. Umeme ukirudi inaangalia kwanza kama umetulia, inairudisha nyumba, inazunguka kidogo bila mzigo ipoe, inazima. Ikiwa nzima ni raha tupu na gesi yenyewe haiharibiki kama petroli, unaweza kuiacha kwenye tangi miaka na ikawaka vilevile.

Shida ni kwamba mashine inakaa miezi haina kazi afu inatakiwa iamke ndani ya sekunde chache usiku wa mvua. Na kile kitaa cha kijani kilichoandikwa iko tayari, jamani, kinamaanisha tu kwamba kontrola, yaani kile kikompyuta kinachoiendesha mashine, haijaona kosa lolote, hakimaanishi gesi ipo ya kutosha wala betri ina nguvu ya kuzungusha injini. Hilo ndo jambo kubwa ninalotaka mtu aondoke nalo hapa. Mara nyingi inapogoma injini haina ubaya wowote, ubaya uko kwenye vitu vinavyoizunguka.

Yangu iligoma usiku. Stata inazungusha vizuri, inapumzika, inazungusha tena, mwisho taa nyekundu na ujumbe kwenye skrini kwamba imezungusha mpaka muda umeisha haijawaka. Basi. Hakuna maelezo mengine. Yaani mashine yenye kompyuta ndani inakwambia kitu ambacho masikio yako yashakwambia.

Kabla sijaenda mbali, usiingize mkono humo ndani swichi ikiwa kwenye AUTO, yaani ile hali ya kujiwasha yenyewe. Hii mashine inajiwasha yenyewe haikuulizi, na feni na vitu vinavyozunguka humo havijui kama kuna vidole. Iweke OFF, chomoa fyuzi ya kontrola, funga gesi, zima breka inayoleta umeme wa chaja manake ile waya ina umeme wa nyumba hata jenereta ikiwa imezima, afu toa waya wa hasi wa betri ukianza nao kabla ya chanya. Na ukisikia harufu ya gesi usibonyeze kitu chochote kabisa, propeni ni nzito kuliko hewa inalala chini kwenye mashimo na ndani ya kabati, ondoka, funga valvu ya tangi kama unaifikia salama, piga simu ya msaada ukiwa mbali.

Ukishahakikisha usalama, rudia kukumbuka ulisikia nini. Kimya kabisa ni habari moja, tik tik ni nyingine, inazungusha bila kuwaka ni nyingine, na inawaka sekunde mbili inazima ni nyingine kabisa. Watu wanaita zote "jenereta haiwaki" afu wanaanza kununua plagi za injini.

Kimya au tik tik nenda kwenye betri moja kwa moja, usipoteze muda. Ni betri ya kawaida ya volti 12, na maisha yake ni kama miaka mitatu mpaka mitano, joto la ndani ya lile kabati linaiua polepole na baridi inakuja kuonyesha kwamba ilishakufa. Ikiwa imepumzika bila chaja isome 12.6 na kuendelea, ikisoma 12.2 ina nusu tu. Lakini kipimo cha betri imepumzika kinadanganya sana, betri mbovu inaweza kukuonyesha 12.6 vizuri kabisa na stata ikianza inaporomoka. Mtu mmoja ashike mita kwenye vichwa vya betri mwingine awashe, ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati stata inazunguka hiyo betri ni ya kubadilisha, usiibembeleze kwa kuichaji. Baridi ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hata betri nzima inabaki na karibu nusu ya nguvu yake tu ya kuwashia huku oili imekuwa nzito, kwa hiyo wa sehemu za baridi wanunue kile kifaa cha kupasha betri na watumie oili ya sintetiki 5W-30 kama kitabu cha mashine kinaruhusu.

Afu usibadilishe betri ukasahau kuuliza kwa nini imekufa. Chaja yake ni ndogo, inakula umeme wa kawaida wa nyumba kupitia breka au fyuzi yake, hiyo breka ikizimwa na mtu aliyekuwa anafanya kazi nyingine kabisa basi kontrola inaendelea kunyonya betri wiki baada ya wiki mpaka inaisha. Chaja ikiwa hai utasoma kati ya 13.2 na 13.8 kwenye betri. Ukisoma 12 na kitu huku umeme wa nyumba upo, chaja haifanyi kazi, na hata ukiweka betri mpya itakufa vilevile. Angalia pia ule unga mweupe wa kijani kwenye vichwa, na ule mwisho mwingine wa waya wa ethi uliofungwa kwenye fremu, watu wanasafisha upande wa betri tu wakati kutu iko upande wa fremu. Ukiboost na gari hakikisha ni ya volti 12 na usikosee chanya na hasi, ukigeuza unaweza kuunguza kontrola ambayo ni moja ya vitu vya gharama kubwa humo ndani.

Betri nzima na bado kimya? Fyuzi ndogo ya kontrola, ipime na mita usiiangalie kwa macho tu. Swichi nyekundu ya dharura nje ya kabati, kama ipo, labda mtoto kaibonyeza. Na kama ina kosa la zamani ambalo halijafutwa haitajaribu kabisa, mpaka uweke OFF, ufute kosa, urudishe AUTO. Wengi wanafuta wanaiacha OFF wanaingia ndani kulala.

Sasa tuje kwenye gesi, hapa ndo nilipo na mengi ya kusema kwa sababu yangu ilikuwa hapa.

Injini ya petroli ikigoma unatoa plagi, ukiikuta imelowa unajua mafuta yanafika, kavu hayafiki. Propeni haikupi hiyo nafasi, inaingia ikiwa gesi, plagi inatoka kavu siku zote gesi iwepo isiwepo. Kwa hiyo hakuna njia ya kubahatisha, lazima upime. Anza na geji ya tangi. Tangi linajazwa mpaka asilimia 80 tu ili libaki na nafasi ya kutanuka, likishuka kwenye 20 anza kuwa na wasiwasi, hasa kwenye baridi. Propeni inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ndani ya tangi inachemka muda wote, lakini kuchemka kunahitaji joto, na joto linaingia kupitia ukuta wa tangi pale ulipoguswa na kimiminika. Kimiminika kikipungua ukuta unaoguswa unapungua, joto linaloingia linapungua, gesi inayotoka inapungua. Ndo mana tangi lenye asilimia 15 linaweza kupikia vizuri jikoni bila shida na likashindwa kabisa kulisha jenereta. Jenereta ya kilowati 20 hivi ikibeba mzigo kamili inaweza kumeza zaidi ya lita 13 za kimiminika kwa saa moja, hicho sio kiwango cha jiko. Na mitungi miwili midogo ya jikoni haiwezi kuitoa hiyo gesi kwa muda mrefu hata ikiwa imejaa, utaiona inafanya barafu nje na injini inaanza kukohoa.

Presha nayo. Kwenye tangi kuna regulata ya kwanza inayoshusha presha mpaka kama psi 10 (paundi kwa inchi ya mraba), afu karibu na nyumba kuna ya pili inayoshusha mpaka inchi 11 za maji, yaani presha ya kuinua maji inchi 11 kwenye mrija, ndogo sana, ni kama kilopaskali 2.7. Jenereta nyingi za propeni zinataka kati ya inchi 10 na 12 pale gesi inapoingilia, ila soma kibandiko cha mashine yako ndo mwenye neno la mwisho. Inapimwa na manomita, kile kifaa cha kupimia presha ndogo ya gesi, na kuna tundu la kupimia lenye skrubu. Muhimu kuliko yote ni hili, presha ya gesi ikiwa imesimama haikwambii kitu. Yangu ilisoma 11 safi kabisa imesimama. Stata ilipoanza kuzungusha na valvu ya gesi ikafunguka ikaanguka mpaka chini ya nusu. Regulata ya pili ilikuwa imechoka, ikikaa kimya inashika presha vizuri, ukiomba gesi nyingi kwa haraka inashindwa kufunguka. Kwa hiyo unapima mara tatu, imesimama, wakati stata inazungusha, na ikishawaka na mzigo wote wa nyumba juu yake huku vifaa vingine vya gesi navyo vimewashwa. Ikishuka kwenye kipimo cha pili au cha tatu tafuta regulata ndogo au iliyozeeka, paipu nyembamba kwa urefu ule, paipu laini iliyojikunja nyuma ya kabati, au valvu iliyofunguliwa nusu.

Kuna jingine dogo linasumbua sana watu baada ya kujaza tangi. Valvu ya tangi ukiifungua kwa haraka, ile valvu ya usalama ya ndani inadhani paipu imekatika, inajifunga, inaachia kijigesi kidogo tu. Geji inasema limejaa, jenereta inasema hakuna gesi. Funga valvu, zima kila kitu kinachotumia gesi, subiri dakika chache presha isawazike, fungua taratiiibu. Na kama tangi liliisha kabisa au paipu ni mpya kuna hewa ndani, itabidi izungushwe mizunguko kadhaa mpaka hewa itoke, stata ipumzike katikati.

Lakini usiendelee kufuta kosa na kuzungusha usiku kucha. Stata inaungua, na mbaya zaidi kama gesi inaingia ila plagi hazitoi moto ile gesi inajikusanya kwenye ekzosi, siku moto ukitokea unapasua sailensa. Mizunguko miwili mitatu, imekataa, acha, tafuta sababu.

Mashine zinazokubali gesi asilia na propeni zina sehemu ya kuchagua, angalia iko wapi. Kwa ujazo uleule propeni ina nguvu kama mara mbili na nusu ya gesi asilia, kwa hiyo mashine iliyosetiwa gesi asilia ukiilisha propeni inapata gesi nyingi kupita kiasi, inawaka kwa shida, moshi mweusi, inatikisika. Kama ndo kwanza imefungwa na haijawahi kuwaka vizuri hata siku moja ningeanza hapo kabla hata ya betri.

Solenoidi ya gesi, ile valvu inayofunguliwa na umeme, inatakiwa ikupe mlio mmoja mdogo stata inapoanza. Hakuna mlio, pima kama volti 12 zinafika. Zinafika na hailii, imekwama au imekufa. Watu wanaigonga na mpini wa bisibisi inafunguka mashine inawaka wanashangilia, lakini hiyo itakwama tena siku yenye giza, ibadilishe. Na kile kitundu cha kupumulia cha regulata kiangalie, wadudu wanajenga humo, barafu inaziba, kinatakiwa kiangalie chini na kiwe na wavu wake.

Upande wa moto wa plagi nitapita haraka kwa sababu fundi yeyote wa pikipiki anaujua. Tumia kile kijitaa cha kupimia moto, pima silinda zote mbili, ikiwaka moja tu utasikia injini inatetemeka haina nguvu. Gesi inadai umeme mkubwa zaidi kuruka kwenye plagi kuliko petroli kwa hiyo nafasi ya plagi iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu, sio kwa kukadiria. Kama silinda zote hazina moto kwa pamoja usikimbilie kununua koili mbili, fuata ule waya wa kuzimia injini, panya wakiutafuna ukagusa bodi unazima zote. Panya wanapenda sana hilo kabati, ni pakavu na pana joto. Tapeti nazo, yaani nafasi za valvu za injini, zinahitaji kusetiwa mapema baada ya masaa ya mwanzo ya kazi, hiyo iko kwenye kitabu na karibu hakuna anayeifanya, afu wanalalamika mashine imekuwa ngumu kuwaka.

Inawaka sekunde chache inazima? Oili kwanza, kimo chake, afu swichi ya presha ya oili, afu angalia kama majani hayajaziba matundu ya hewa. Inawaka vizuri inanguruma lakini nyumba giza? Hiyo sio ya kuwaka tena, ni breka ya jenereta yenyewe au swichi ya kubadilishia, na ile swichi ina umeme wa pande mbili, mwachie fundi umeme.

Hapa naomba niilaumu kampuni waziwazi. Mashine ina zoezi la kila wiki, inajiwasha dakika chache inazima. Nzuri. Ila kwenye modeli nyingi, yangu ikiwemo, zoezi linafanyika kwa mwendo mdogo ili isipige kelele na bila mzigo wowote. Mwendo mdogo unataka gesi kidogo, kwa hiyo regulata iliyochoka ilikuwa inafaulu mtihani huo wiki baada ya wiki huku inazidi kufa, na kitaa cha kijani kinaendelea kuwaka. Ikaja kudhoofika mpaka hata kuwasha ikashindwa, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika kweli. Fanya hivi kila mwezi, zima breka kubwa ya nyumba mwenyewe, iache ijiwashe, iache ibebe nyumba nusu saa, washa vitu vizito. Ukifanya hivyo hakikisha kabati liko angalau mita moja na nusu kutoka kwenye dirisha au mlango, na kengele ya monoksidi ya kaboni ndani ya nyumba iwe nzima, ile hewa haina harufu na inaua watu waliolala.

Kuhusu huduma ya mafundi. Wa kwanza alifika akabadilisha plagi na chujio la hewa, akafuta kosa, ikawaka kwa bahati, akaandika risiti akaondoka. Haikudumu. Wa pili alikuja na manomita na mita ya kupima betri kwa mzigo, hakununua kitu mpaka alipomaliza kupima, akaniita nione mwenyewe presha inavyoanguka stata ikizunguka. Ukipiga simu kuomba fundi muulize swali moja tu, una manomita? Akisita, tafuta mwingine. Na regulata aliyoweka aliichagua kwa kujumlisha gesi ya jenereta ikiwa na mzigo kamili pamoja na vifaa vyote vya gesi vya nyumba, sio kwa kuangalia ile ya zamani ilikuwa saizi gani.

Nyota sasa. Injini naipa tano, tangu regulata ibadilishwe inawaka mzunguko wa kwanza kila mara na inabeba nyumba bila taa kucheza. Swichi ya kubadilishia tano. Chaja ya betri tatu, inafanya kazi lakini ikikosa umeme haisemi mapema, inasema betri ikiwa imeshaisha. Kitabu cha mashine tatu na nusu, kina vipimo vyote ila sura ya kugoma kuwaka inaishia kwenye piga simu kwa wakala. Skrini na ujumbe wa makosa naipa mbili. Sensa ndogo ya presha kwenye paipu ya kuingilia gesi na kipimo cha volti za betri wakati stata inazungusha vingetosha kuandika kwenye skrini kosa ni gesi au kosa ni betri, na mtu angejua usiku uleule ampigie nani, wa gesi au wa umeme. Kontrola tayari inasoma volti za betri. Wakiweka hivyo viwili kwenye modeli inayofuata nitarudi hapa kubadilisha hizo nyota.